Klaunifishi mpya ana ute mweupe na anatweta juu ya maji: naomba msaada wa haraka

Pezi_Moja · Jumamosi, saa 3:40 usiku

Wakuu, heshima kwenu. Niende moja kwa moja maana sina muda.

Nina tangi la maji chumvi la lita 120, lina miezi 5. Ndani kuna mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria na viumbe wadogo), konokono wachache, kamba msafishaji mmoja na matumbawe laini vipande viwili. Samaki hakuwepo hata mmoja mpaka juzi Alhamisi, nilipoleta klaunifishi wawili aina ya ocellaris, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Niliwaona wanakula kabla sijawachukua. Nyumbani nikauacha mfuko uelee tangini dakika 20, nikaongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa nzima, kisha nikawaingiza. Ndiyo, moja kwa moja tangini. Karantini, yaani chombo cha kuwatenga samaki wapya, sina. Najua mtanisema, semeni, lakini kesho.

Jana wote wawili walikula vizuri. Leo asubuhi yule mdogo alikuwa na kitu kama ukungu ubavuni, nikadhani ni taa. Mchana ukungu ukawa umepanda hadi kichwani, na rangi ya chungwa imepauka kama nguo iliyoanikwa juani mwezi mzima. Sasa hivi yuko juu kabisa karibu na pampu ya mzunguko, mdomo wazi, anatweta. Chakula amekataa. Karibu na pezi la kifuani kuna nyuzi za ute zinaning'inia. Mkubwa anakula bado, ila nimemwona akijisugua kwenye jiwe mara mbili.

Vipimo: joto 26, chumvi 1.025, amonia 0, naitraiti 0, naitreti 10.

Nina chupa ya dawa ya shaba hapa mkononi. Niimimine tangini usiku huu au nisubiri asubuhi?

---

samaki_wa_jirani · saa 3:52 usiku

Pole mkuu. Hayo ni madoa meupe, karibu kila samaki mpya anakuja nayo. Mimina shaba, fuata maelezo ya chupa, na uchanganye kitunguu saumu kwenye chakula. Wangu alipona hivyo hivyo.

---

Ndoo_ya_Pili · saa 3:55 usiku

USIMIMINE. Weka chupa chini kwanza.

Shaba ikiingia kwenye tangi hilo, kamba atakufa, konokono watakufa na matumbawe yatafuata. Mawe hai na mchanga vitainyonya hiyo shaba, kwa hiyo hata kiwango cha kutibu huwezi kukishikilia: leo kipimo kinasoma hivi, kesho kimeshuka. Utakuwa umeua wasio na kosa na samaki hajapona.

Halafu sijaona doa hata moja kwenye maelezo yako. Umeandika ukungu na nyuzi za ute. Ni vitu viwili tofauti. Zima taa za tangi, chukua tochi ya simu, mmulike kwa pembeni (si kwa mbele) utuambie unaona nini: chembe zinazohesabika, vumbi laini, au ngozi inayobanduka?

---

Pezi_Moja · saa 4:10 usiku

Nimerudi. Chembe za kuhesabu hakuna. Vumbi pia sioni. Ni kama mtu amempaka ute wa yai halafu ukaanza kukauka na kubanduka vipande vipande. Mstari mweupe wa katikati hauonekani mwisho wake, umechanganyika na ukungu. Nimejaribu kuhesabu mapigo ya matamvua, nimefika 140 na kitu kwa dakika. Mkubwa ana kama 85.

---

MzeeWaTangi · saa 4:31 usiku

Kijana, hiyo ni Brooklynella hostilis, kimelea cha ngozi na matamvua, na kama siyo basi ni ndugu yake wa karibu sana. Klaunifishi wanaipata mno hata wafugaji wengine wanaiita ugonjwa wa klaunifishi, ingawa samaki wengine nao huipata.

Nikueleze kwa nini shaba haikusaidii hapa, maana kosa hili ndilo linaloua wengi.

Magonjwa ya ngozi yanayomjia samaki mpya wa maji chumvi ni matatu hasa. La kwanza ni madoa meupe, Cryptocaryon irritans. Hayo ni chembe kama za chumvi, unaweza kuziweka kidole moja moja. Leo zipo, kesho kutwa zimetoweka, mwenye samaki anafurahi, kisha zinarudi maradufu. Kimelea kinakaa juu ya samaki siku 3 hadi 7, kinadondoka, kinajifungia kwenye gamba gumu juu ya mawe au mchanga, kinajigawa humo ndani na kutoa watoto wanaotafuta samaki upya. Samaki mwenye madoa meupe mara nyingi anakupa siku kadhaa za kujipanga.

La pili ni ugonjwa wa mahameli, Amyloodinium ocellatum. Huo ni vumbi laini sana, la kijivu au la dhahabu ukimulika kwa pembeni. Samaki anakwepa mwanga na anajipeleka penye mkondo mkali, maana matamvua ndiyo huanza kushambuliwa. Unaua haraka, lakini shaba inauweza.

La tatu ndilo lako. Ute mzito, rangi inapauka, ngozi inabanduka, anatweta. Brooklynella haina safari ya kudondoka na kujifungia mahali. Inajigawa mara mbili palepale juu ya samaki, mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane, usiku na mchana. Ndiyo maana umeona asubuhi ubavu, mchana kichwa. Na shaba haiigusi. Ukimweka kwenye shaba leo, unampa kimelea siku mbili tatu za bure, na samaki huyu siku hizo hana.

Dawa yake ni fomalini, kwa kuogesha. Unayo?

---

Pezi_Moja · saa 4:38 usiku

Sina mzee. Na saa hizi hakuna pa kuipata.

---

Ndoo_ya_Pili · saa 4:50 usiku

Basi usiku huu tunanunua muda.

Kwanza watoe wote wawili. Wote, hata huyo anayekula. Tafuta chombo safi cha plastiki kisichowahi kuingia sabuni, lita 30 hadi 40 zinatosha. Jaza maji ya chumvi mapya yaliyochanganywa vizuri, joto na chumvi sawa na tangi. Kama huna mapya ya kutosha tumia ya tangini kwa leo. Hita, jiwe la hewa linalopuliza kwa nguvu, na kipande cha bomba la plastiki wajifiche. Hakuna mchanga, hakuna jiwe.

Kabla hujamweka humo, yule mdogo mpitishe kwenye maji baridi, namaanisha maji yasiyo na chumvi. Yawe yametolewa klorini, joto lilelile la tangi, na pH ipandishwe ikaribiane na ya tangi kwa kijiko kidogo cha sodiumu bikaboneti, ile ya kuumulia keki. SI magadi, SI soda ya kufulia. Weka jiwe la hewa dakika 10 kabla. Kisha mtumbukize, dakika 3 hadi 5, usitoke hapo. Akilala ubavu sekunde za mwanzo ni kawaida, akipoteza mwelekeo kabisa mtoe.

Haimponyi. Inaondoa ute na sehemu ya vimelea, matamvua yapate nafasi ya kupumua hadi asubuhi.

---

Chumvi35 · saa 5:02 usiku

Niongeze na niulize.

Nyongeza: samaki mwenye ngozi iliyobanduka tayari anahangaika kudhibiti maji na chumvi mwilini mwake, kwa hiyo huo mchovyo ni kamari. Kama angekuwa anapumua 100 ningesema acha. Kwa 140 na mdomo wazi, hata mimi ningemchovya.

Swali: maji ya mfuko uliyapima chumvi?

---

Pezi_Moja · saa 5:05 usiku

Hapana. Kwa nini?

---

Chumvi35 · saa 5:20 usiku

Wauzaji wengi huweka matangi ya samaki kwenye chumvi ya chini, 1.018 au 1.019, kwa sababu inawagharimu chumvi kidogo na inawapunguzia vimelea makali. Samaki akitoka 1.018 kuingia 1.025 ndani ya saa moja, mwili wake unapata mshtuko usioonekana siku hiyo. Unaonekana siku ya pili, ya tatu. Kushusha chumvi samaki anavumilia, kupandisha ndiko kunakomuumiza. Siku nyingine pima mfuko kwanza, tengeneza karantini ifanane na mfuko, kisha panda polepole kwa siku kadhaa.

Na hiyo saa nzima ya kuongeza maji kidogo kidogo, kama samaki alikaa mfukoni muda mrefu, nayo si rafiki. Ndani ya mfuko uliofungwa hewa chafu ya samaki inashusha pH, na amonia iliyomo inakuwa kwenye hali isiyodhuru sana. Ukifungua tu, hewa hiyo inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu huku samaki bado yumo. Mfuko wa safari ndefu: sawazisha joto, fungua, mhamishe kwenye maji yaliyokwisha kulinganishwa na chumvi yake. Maji ya mfuko mwaga.

Sisemi ndiyo chanzo. Kimelea alikuja nacho. Lakini mshtuko humfungulia mlango.

---

samaki_wa_jirani · saa 5:31 usiku

Sawa, nimejifunza, nafuta ushauri wa shaba. Ila kitunguu saumu mbona hamkisemi? Kinaongeza kinga.

---

MzeeWaTangi · saa 5:44 usiku

Huyu mdogo hali, sasa kitunguu kitapitia wapi? Kwa samaki anayekula, harufu yake wakati mwingine inamshawishi kuonja chakula, hapo sina ugomvi nawe. Kimelea kilicho juu ya ngozi hakijali samaki amekula nini. Vilevile yule kamba msafishaji watu wanaomnunua kama daktari: anadokoa ngozi iliyokufa na vimelea wakubwa wanaoonekana. Brooklynella huioni bila hadubini, yeye ataiona kwa kipi?

---

Pezi_Moja · Jumapili, saa 7:15 usiku

Nimemaliza. Mchovyo dakika 4. Ute ulitoka vipande vipande kama karatasi iliyolowa, nimeshtuka. Sasa wako kwenye beseni la lita 35. Mdogo bado yuko juu ila mdomo haufunguki sana, nimehesabu 118. Nalala kwenye kiti hapa hapa.

---

Pezi_Moja · Jumapili, saa 6:50 mchana

Fomalini nimepata, chupa imeandikwa asilimia 37. Nielekezeni taratibu, mkono unatetemeka.

---

MzeeWaTangi · saa 7:10 mchana

Kabla ya samaki, wewe. Fomalini inaunguza macho na mapafu na inasababisha saratani. Vaa glovu, fungua madirisha, watoto na wanyama nje ya chumba, usiinamie chupa kuinusa. Tazama chini ya chupa: ukiona mashapo meupe usiitumie, imegeuka kitu chenye sumu kali zaidi kwa samaki.

Ndoo ya pili, si beseni wanamoishi. Maji ya chumvi lita 10 kutoka kwenye beseni lao. Jiwe la hewa lipulize kwa nguvu muda wote, maana fomalini inapunguza oksijeni majini na mgonjwa wako ni mtu wa matamvua. Weka mililita 2 za fomalini kwa hizo lita 10, yaani mililita 1 kwa kila lita 5. Pima kwa bomba la sindano, siyo kwa kifuniko. Iache ichanganyike dakika 5, kisha waingize.

Dakika 30 kwa mara ya kwanza. Ukae umetazama. Akipinduka, akirukaruka kutaka kutoka, akikoma kupumua kwa mpangilio, mtoe hata kama ni dakika ya 8. Mkubwa naye aoge, usimwonee huruma kwa sababu anakula.

Wakitoka wasirudi kwenye maji yaleyale. Beseni lioshwe na kujazwa maji mapya wakati wao wanaoga, la sivyo unawarudisha kwa vimelea walewale. Rudia baada ya siku 2, kisha tena baada ya siku 2 nyingine.

---

Tumbawe_Laini · saa 7:26 mchana

Nilikuwa napita tu nikaona uzi huu, nikakumbuka wangu. Mimi nilikosa fomalini nikatumia metronidazole (dawa ya bakteria na vimelea) kwenye maji ya karantini, miligramu 10 kwa lita, nikirudia kila baada ya saa 48 kwa siku 10, na kubadilisha sehemu ya maji kabla ya kila dozi. Mmoja alipona. Alikuwa mwanzoni kabisa lakini, ukungu mdogo tu. Kwa hali ya huyu mdogo sina hakika ingewahi.

Mkuu, nisikudanganye, wanaofikia kubanduka ngozi wengi hawarudi. Jipange kwa lolote.

---

Pezi_Moja · Jumapili, saa 9:40 alasiri

Wameoga. Mkubwa dakika 30 zote, alikaa pembeni kama amenuna. Mdogo nilimtoa dakika ya 22, alianza kulala ubavu. Yuko kwenye maji mapya sasa. Anapumua. Sielewi kama ni vizuri au vibaya.

---

Pezi_Moja · Jumatatu, saa 11:20 alfajiri

Mdogo amekufa. Nimemkuta nyuma ya bomba.

Mkubwa ana ukungu kwenye shavu la kushoto. Ndio umeanza.

---

Ndoo_ya_Pili · Jumatatu, saa 12:05 asubuhi

Pole sana. Umefanya kila kilichowezekana kwa saa ulizokuwa nazo.

Huyu mkubwa si sawa na yule. Ameshaoga mara moja kabla hata ukungu haujaonekana, na hajakaa kwenye maji ya zamani. Anakula?

---

Pezi_Moja · saa 12:30 asubuhi

Amekula mysis watatu (vijikamba vidogo vya kulishia). Wa nne akautema.

---

MzeeWaTangi · saa 1:00 asubuhi

Watatu ni wengi kwa asubuhi kama hii. Kesho bafu la pili kama tulivyopanga, usilisogeze mbele kwa hofu. Fomalini mbili karibu karibu inaunguza matamvua na hapo utamuua kwa dawa. Leo badilisha nusu ya maji, nyonya uchafu wa chini, funika beseni taa isimpige.

Na yule aliyekufa, kama una rafiki mwenye hadubini, kwangua ute kidogo umpelekee mapema kabla haujaharibika. Utaona vijidudu vyenye umbo la haragwe vinazunguka vikitetemeka. Ukishaviona mara moja huvisahau.

---

Pezi_Moja · Jumanne, saa 3:15 usiku

Bafu la pili dakika 40, hakusumbua. Ukungu wa shavuni umepungua, ukingo wa pezi la mkia umechanika kidogo. Hadubini sikupata.

Lakini sasa hivi nimezima taa nimemkuta amelala ubavu juu juu kwenye kona, anapepea pezi moja. Ndo basi tena?

---

Ndoo_ya_Pili · saa 3:19 usiku

Anapumua ngapi?

---

Pezi_Moja · saa 3:22 usiku

78.

---

Ndoo_ya_Pili · saa 3:23 usiku

Amelala usingizi 😂 Klaunifishi wanalala hivyo, ubavu, kwenye kona, wengine kichwa juu mkia chini. Mwache mwenzio apumzike, na wewe ukalale.

---

msomaji_kimya · saa 3:40 usiku

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu. Wangu alinilaza macho wiki nzima kwa hilo hilo, na nilikuwa namwamsha kwa kijiti kila nusu saa nikidhani namwokoa. Ningeambiwa hivi mapema.

---

Pezi_Moja · Alhamisi, saa 2:10 asubuhi

Jamani amerudi kutweta. 130. Yuko juu, mdomo wazi. Ngozi ni safi, sioni ukungu popote, matamvua nayaona mekundu kuliko kawaida. Jana jioni alikula mysis 8 na vidonge viwili, nikafurahi nikamwongezea. Leo ni siku ya bafu la tatu. Nimwogeshe sasa hivi au nisubiri mchana?

---

Chumvi35 · saa 2:18 asubuhi

Usimwogeshe. Pima amonia sasa hivi.

---

Pezi_Moja · saa 2:31 asubuhi

Kipimo kimekuwa kijani kibichi. Chati inasema 1.0. Sikuwa nimepima tangu Jumatatu.

---

Chumvi35 · saa 2:47 asubuhi

Ndiyo hiyo. Ugonjwa haujarudi, anaungua na uchafu wake mwenyewe. Beseni jipya halina bakteria wa kula amonia. Kwenye tangi lako wako kwenye mawe, kwenye beseni hakuna aliyewapeleka. Lita 35, samaki anayekula vizuri, chakula cha ziada, maji chumvi yenye pH ya juu ambayo inaifanya amonia iwe kali zaidi kuliko ingekuwa kwenye maji baridi. Hesabu imetimia.

Badilisha asilimia 50 sasa, nyingine 50 baada ya saa 3, joto na chumvi sawasawa kabisa. Weka dawa ya kufunga amonia kama unayo. (Kwa wanaosoma na wana shaba kwenye karantini: dawa hizo na shaba haziendi pamoja, zinaweza kuibadilisha shaba ikawa sumu kali kwa samaki. Hapa hakuna shaba, endelea.) Tafuta bakteria wa chupa, na kipande cha sponji ya kichujio wapate pa kukaa. Usichukue sponji kutoka tangi kubwa, hilo bado lina ugonjwa.

Chakula leo hakuna. Hatakufa kwa njaa ya siku moja.

---

MzeeWaTangi · saa 3:30 asubuhi

Nakubaliana na Chumvi. Bafu la tatu lisogeze hadi kesho au keshokutwa, matamvua yaliyoungua na amonia hayastahili fomalini juu yake.

Mnaona jinsi ishara moja inavyodanganya? Kutweta ni Brooklynella, kutweta ni amonia, kutweta ni oksijeni ndogo, kutweta ni mahameli. Mimi mwaka wangu wa tatu nilimwogesha samaki mara nne kwa ugonjwa ambao hakuwa nao, kumbe jiwe la hewa lilikuwa limeziba. Hata leo nikikumbuka naona aibu, na hakuna aliyekuwa ananitazama.

---

Pezi_Moja · Alhamisi, saa 11:50 jioni

Amonia imeshuka chini ya 0.25. Mapigo 92. Ameshuka chini, ameingia kwenye bomba. Nimeweka bakteria wa chupa na sponji mpya. Asanteni kwa kweli.

---

Pezi_Moja · Jumapili iliyofuata, saa 4:00 asubuhi

Bafu la tatu lilifanyika jana, dakika 40. Ngozi safi. Mkia umeanza kuziba, kuna uwazi mwembamba kama kioo pale palipochanika. Choo chake jana kilikuwa cheupe na chembamba kama uzi, ni vimelea vya tumboni?

---

Tumbawe_Laini · saa 4:25 asubuhi

Amefunga chakula siku moja na ana msongo wa mawazo, choo cheupe kinaweza kuwa ni ute wa utumbo mtupu. Ukiona kinaendelea wiki nzima huku anakula na anakonda, hapo ndipo tufikirie metronidazole ndani ya chakula. Ule mkia utazame usije ukapata wekundu au kutafunwa kurudi nyuma, bakteria wanapenda kuingilia penye ngozi iliyochubuka. Maji safi kwa sasa yanatosha.

---

samaki_wa_jirani · saa 5:10 asubuhi

Swali langu ni la tangi kubwa. Halina samaki sasa, lakini vimelea si vimo? Akirudishwa si yanaanza upya?

---

Ndoo_ya_Pili · saa 5:40 asubuhi

Swali zuri, na umenifanya nikusamehe shaba.

Kimelea bila samaki hakiishi. Tangi liache bila samaki hata mmoja, kamba, konokono na matumbawe wabaki, wao hawaibebi. Walishe kidogo kidogo ili bakteria wasife njaa. Kwa Brooklynella wengi tunaacha wiki 6. Kama kungekuwa na madoa meupe tungeacha siku 76, kwa sababu lile gamba linaweza kukaa limefungwa muda mrefu ajabu. Kwa kuwa hakuna aliyethibitisha kwa hadubini, na samaki wale walitoka kwenye maji yaliyochanganyika na samaki wengine wengi, mimi ningeenda siku 76 nilale usingizi.

Wavu, mrija, kipimajoto na mikono: vya karantini vibaki karantini. Tone moja la maji likidondokea tangi kubwa, unaanza kuhesabu upya.

---

Chumvi35 · saa 6:15 mchana

Siku 76 kwa samaki mmoja kwenye lita 35 ni kazi ya kubeba ndoo. Sisemi umekosea, ila Pezi ajue anachokubali. Kama nafasi ipo, ahamie chombo cha lita 60.

---

Pezi_Moja · wiki ya 4, Jumamosi, saa 1:20 usiku

Nimerudi kutoa taarifa maana mnaniuliza faraghani.

Nilihamia chombo cha lita 60, sponji imekomaa, amonia 0 wiki mbili mfululizo. Samaki anakula mara 3 kwa siku. Rangi imerudi, nyeusi ya ukingoni imekolea kuliko nilivyomleta. Amelichukua bomba kama anemoni wake, nikiingiza mkono kunyonya uchafu ananing'ata kidole. Haumi ila anashtua.

Sasa naanza kufikiria mwenzake. Nisikilizeni kabla sijaharibu: nataka mdogo kuliko huyu, ndiyo?

---

MzeeWaTangi · saa 1:58 usiku

Mdogo, tena mdogo waziwazi. Klaunifishi wote huanza wakiwa madume, anayetawala ndiye anageuka jike. Huyu wako akikaa peke yake muda mrefu atajiona yeye ndiye mwenye nyumba. Ukimletea wa umbo lake watapigana mpaka mmoja aishe. Mdogo atatetemeka mbele yake, mwili mzima unatikisika kama ameshikwa na umeme. Ukiona hivyo usije hapa saa 4 usiku kusema ana degedege. Ni heshima tu, anamwambia mama nimekubali.

Tafuta aliyezaliwa kwenye matangi ya ufugaji, si wa baharini. Hilo halimhakikishii afya, kama duka linawachanganya maji yote na samaki wa baharini atakuwa amevuta yaleyale. Lakini anaanza na msongo mdogo na anajua chakula cha mkononi. Na mtazame dukani dakika 15 nzima. Hesabu matamvua. Tazama samaki walio kwenye tangi la jirani pia, mara nyingi wanashiriki maji.

---

Ndoo_ya_Pili · saa 2:07 usiku

Na yeye karantini yake mwenyewe, si kumwingiza kwa huyu. Chombo kile cha lita 35 bado unacho?

---

Pezi_Moja · saa 2:15 usiku

Ninacho. Nilikiosha, nikakikausha juani siku nzima. Sponji ya pili nimeiweka kwenye hiki cha lita 60 tangu wiki iliyopita ikomae, na fomalini iko kabatini juu kabisa, nimeandika tarehe kwenye kifuniko. Rifraktomita (kipima chumvi) nimeisawazisha leo kwa maji yake maalumu yenye chumvi ya gramu 35 kwa kilo, kumbe ilikuwa inasoma juu kwa pointi 2. Mfuko utapimwa kabla haujafunguliwa vizuri.

Siku ya 29 leo. Zimebaki 47.